Namna ya Kuzungumza na Mwenzi Wako Kuhusu Pombe

Kabla ya kuhesabu chupa, chunguzeni ugomvi unaozitangulia. Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walipendekeza kwamba mapenzi ya watu wazima yatazamwe kwa mitindo ya mfungamano, yaani namna mtu anavyoshikamana kihisia na wa karibu yake, ambayo mwanasaikolojia mwenzao Mary Ainsworth aliieleza kati ya watoto wachanga na mama zao: mwenye hofu ya kuachwa hung'ang'ania na kudai majibu papo hapo, ilhali anayekwepa ukaribu hunyamaza au huondoka. Pombe huingia hapo, kwa mmoja ikiwa kitulizo cha wasiwasi, kwa mwingine njia ya kujitenga hali ameketi sebuleni, na kadiri huyu anavyofuatilia ndivyo yule anavyozidi kujificha.

Zungumzeni asubuhi, hakuna aliyekunywa. Anayedai aseme hofu yake badala ya kushtaki. Anayekwepa anaweza kuomba mapumziko, mradi ataje saa ya kurejea na arejee kweli, la sivyo huko ni kutoroka tu. Kukagua simu na kunusa pumzi, kwa maoni yangu, huchochea ugomvi uleule.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila daktari, kwani anaweza kupata degedege. Palipo na vipigo, achana na mazungumzo haya, utafute kwanza usalama wako na wa watoto.