Mwanajeshi vitani na simu yake: cha kutuma, cha kusubiri, cha kutogusa

Wapo vijana wa Kenya na Tanzania wenye kadi ya kijani (green card, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) wanaolitumikia Jeshi la Marekani, na ndugu zao nyumbani huwafuatilia kwa WhatsApp. Mwongozo huu ni wa pande zote mbili. Sheria zinazotajwa ni za Marekani, isipokuwa pale zinapotajwa za kimataifa.

Anza na amri, simu baadaye. Mwaka 2007 kanuni ya jeshi AR 530-1 ilimtaka askari ashauriane na mkuu wake na ofisa wa usalama wa operesheni (anayezuia taarifa za kikosi zisimfikie adui) kabla ya kuandika chochote hadharani. Mei mwaka huohuo YouTube na MySpace zikafungwa kwenye mitandao ya Wizara ya Ulinzi. Februari 2010 wizara ikalegeza, ila makamanda wakaachiwa uwezo wa kufunga kwa muda. Kwa hiyo usimwulize rafiki wa kikosi kingine kama jambo linaruhusiwa. Omba amri ya kikosi chako kwa maandishi na utafute mambo matatu: vifaa gani, saa ngapi, eneo gani. Kuvunja amri ya jumla (ile inayotolewa na kamanda wa ngazi ya juu kwa wote walio chini yake), chini ya kifungu cha 92 cha sheria ya kijeshi, adhabu yake hufika kifungo cha miaka 2, na kusema hukuijua hakukuokoi. Kwa amri nyingine halali ni lazima ithibitishwe kwamba uliijua.

Lokesheni ndiyo inayonasa wengi. Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilionyesha njia ambazo askari walikimbilia ndani ya kambi zao, na hakuna aliyekuwa ameposti picha yoyote. Tarehe 3 Agosti 2018 Pentagon ikapiga marufuku huduma za lokesheni katika maeneo ya operesheni, kwenye simu na saa binafsi pia, mpaka kamanda aruhusu. Zima lokesheni ya simu nzima. Kuizima kwenye kamera peke yake hakutoshi. Saa ya mazoezi iache nyumbani.

Picha nayo hubeba tarehe, saa na mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, husafiri nazo zote. Njia rahisi ni kupiga picha ya skrini ikiwa na ile picha, kisha kutuma hiyo ya pili. Halafu ikuze na uangalie nyuma ya sura yako: mnara, umbo la mlima, namba ya gari, karatasi ukutani, kinachoonekana kwenye kioo cha miwani. Hayo hakuna programu itakayokufutia.

Hata hivyo, simu isibebeshwe lawama zote. Baada ya Ukraine kushambulia jengo walimolala askari wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, usiku wa kuamkia mwaka 2023, Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitaja vifo 89 na kusema chanzo kikuu kilikuwa simu za askari. Warusi wenyewe wakahoji ni nani aliyewalaza askari wengi hivyo katika jengo moja.

Maneno pia huuza siri. "Tunahama Ijumaa" ni kosa la wazi. "Nitakuwa kimya siku chache" linaonekana salama, lakini familia thelathini zikipokea ujumbe huo jioni moja, anayefuatilia ameshajua kuna safari. Patana na mama kabla hujaondoka kwamba ukimya ni jambo la kawaida, usiutangaze.

Kuna ukimya mwingine. Askari akiuawa au kujeruhiwa vibaya, kikosi hukata simu na intaneti hadi ndugu wajulishwe rasmi. Jina la marehemu halitolewi kwa vyombo vya habari mpaka saa 24 zipite tangu ndugu wa karibu wajulishwe. Ndugu, msiandike rambirambi kwenye status kwa tetesi za kundi la familia. Nawe askari, hakiki fomu DD 93 (yenye majina na anwani za ndugu wa kujulishwa wakati wa dharura), maana jeshi hutafuta ndugu kwa kuifuata: kama baba yako yuko Moshi, andika kijiji, kata na namba inayoanza na +255 ambayo kweli hupokelewa.

Mateka na maiti usiwapige picha za kuonyesha watu. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva kinamlinda mateka dhidi ya matusi na udadisi wa umma, na kuficha macho yake kwa alama nyeusi hakuhalalishi video ya kumdhalilisha. Septemba 2017 mahakama ya Sweden ilimfunga miezi 8 askari wa zamani wa Syria aliyepiga picha amekanyaga maiti. Ushahidi ulikuwa picha yenyewe.

Kuhusu siasa, unaweza kutoa maoni yako binafsi, bila sare na bila kuonekana unalisemea jeshi. Ofisa ana mpaka zaidi: kifungu cha 88 cha sheria ya kijeshi kinamkataza maneno ya dharau dhidi ya Rais na viongozi wengine wanaotajwa humo. Mwenye malalamiko ya ukiukaji wa sheria asikimbilie Facebook. Sheria ya 10 U.S.C. 1034 inamlinda akimwandikia mbunge wa Kongresi au mkaguzi mkuu wa jeshi. Chapisho la hadharani halina kinga hiyo.

Na kama umeshaposti? Mwambie ofisa wa usalama siku hiyohiyo, ukimtajia saa uliyoposti na nani wangeweza kuona. Usifute kimyakimya ukadhani yamekwisha, kwani nakala huenda ziko kwa wengine. Kama ni jambo la siri rasmi, usimtumie mtu yeyote nakala yake, hata huyo ofisa: mpelekee simu mkononi.