Kasi ya Wi-Fi ya meshi inapanda na kushuka: pima kila kipande peke yake

Simu inaonyesha mawimbi yamejaa, ila kipimo cha kasi kinatoa Mbps 300, dakika mbili baadaye 40, kisha 180. Wengi hapo hukimbilia kununua nodi nyingine, yaani kifaa kingine cha meshi kinachosambaza mawimbi ya ruta kuu nyumbani. Usinunue bado. Alama ya mawimbi kwenye simu inahusu simu na nodi iliyoishika tu. Haisemi lolote kuhusu njia inayotoka kwenye nodi hiyo hadi ruta kuu, na mara nyingi kasi hupotelea huko.

Data yako inapita vipande vitatu: kutoka kwa mtoa huduma hadi ruta kuu, kutoka ruta kuu hadi nodi, na kutoka nodi hadi kifaa. Ukipima ukiwa umekaa chumbani na simu, unapima vyote vitatu kwa pamoja na huwezi kujua kipi kinakwama.

Anza kwenye ruta kuu, kwa kebo

Chomeka kompyuta kwenye ruta kuu kwa kebo ya mtandao ya Cat5e au bora zaidi. Zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, maana isipozimwa inaweza kupitisha data hewani huku wewe ukidhani unapima kebo. Pima asubuhi, mchana na jioni, na kila mara andika kasi ya kupakua, ya kupakia na muda wa pingi (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi). Kama namba za kebo zenyewe zinaporomoka jioni, meshi haina kosa. Peleka vipimo hivyo kwa mtoa huduma wako.

Ukiona kasi imeganda karibu na Mbps 94 kila unapopima ilhali kifurushi chako ni kikubwa kuliko hapo, kuna poti iliyoshuka hadi megabiti 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, lakini megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Waya mmoja ukikatika au kichwa cha kebo kikikaa vibaya, taa inaendelea kuwaka na intaneti inafanya kazi, ila kwa mwendo wa chini. Badilisha kwanza kebo, ikiwemo ile fupi kati ya modemu na ruta. Hakikisha pia kwamba poti ya kompyuta yenyewe ni ya gigabiti.

Kipande cha kati, ambako tatizo hukaa mara nyingi

Hapa usitumie tovuti za kupima kasi, kwa sababu zinachanganya ndani ya nyumba na nje. Tumia iperf3, programu ya bure. Kompyuta moja ichomekwe kwenye ruta kuu kwa kebo na iendeshe iperf3 -s. Ya pili ichomekwe kwenye poti ya nodi yenye shida, kisha iendeshe iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya IP ya ile ya kwanza, na -t 60 mwishoni. Amri hiyo hupima upande wa kutuma. Rudia ukiongeza -R ili kupima upande wa kupokea. Kama nodi haina poti, weka kompyuta mita moja au mbili kutoka kwenye nodi na uiunganishe kwa bendi ya GHz 5.

Usiishie kwenye wastani wa mwisho. Soma mstari wa kila sekunde, kwa sababu mtindo wa namba ndio unaokuonyesha kisababishi. Kasi iliyo ndogo lakini tulivu inaelekeza kwenye umbali, ukuta au mrukio (data kupitia nodi hewani kabla ya kukufikia). Ikiwa inaruka kutoka 250 hadi 40 na kukaa hapo kwa muda kabla ya kurudi, yaelekea nodi inahama kati ya GHz 5 na GHz 2.4, au inabadilisha nodi mama (ile inayoipa mawimbi). Na ikigonga sifuri kwa sekunde kadhaa, shuku chaneli, yaani sehemu ya bendi ambayo ruta inatumia (tazama chini).

Kuhusu mrukio: redio moja haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli ile ile. Kwa hiyo, katika mfumo wa bendi mbili unaotumia GHz 5 kwa simu na kwa nodi pia, kila pakiti inasafirishwa hewani mara mbili. Mbps 400 karibu na ruta kuu huwa takriban 200 kwenye nodi ya kwanza, na 100 au chini ya hapo kwenye nodi inayoning'inia kwenye nodi hiyo. Hilo ni umbile la mfumo wenyewe, wala si hitilafu. Mifumo ya bendi tatu hupunguza hasara hiyo kwa kutenga redio moja kwa ajili ya nodi peke yake.

Fungua programu ya meshi uangalie nguvu ya mawimbi kati ya nodi na nodi. Namba ziko katika dBm, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kati ya -50 na -65 ni pazuri. Ikifika -70 au chini zaidi, sogeza nodi. Kosa kubwa ni kuiweka nodi palepale pasipo na mawimbi: nodi haizalishi kasi, inagawa ile iliyopokea. Mahali pake ni katikati ya njia, ambako mawimbi ya ruta bado yana nguvu. Iweke wazi, juu ya meza au rafu, mbali na jokofu, kioo kikubwa, tangi la samaki na mgongo wa televisheni. Kuisogeza mita mbili tu, hasa ikitoka nyuma ya nguzo ya zege yenye nondo, kunaweza kubadilisha hali yote.

Angalia pia nani ameunganishwa na nani. Umeme ukikatika na kurudi, nodi zote huwaka kwa pamoja na nyingine hujishikiza kwa nodi ya mbali. Zizime zote, washa ruta kuu, subiri itulie kabisa, washa nodi za karibu, halafu za mbali.

Kama unaweza kupitisha kebo hadi kwenye nodi, ipitishe. Hakuna marekebisho mengine yanayolingana na hilo. Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100. Kebo itoke kwenye ruta kuu au swichi iliyo nyuma yake, si moja kwa moja kwenye modemu. Kisha thibitisha kwenye programu kwamba nodi imeorodheshwa kama ya kebo, kwa sababu kebo mbovu huirudisha nodi hewani bila wewe kujua.

Chaneli

Kwenye GHz 5, chaneli 52 hadi 144 zinatumika pamoja na rada katika nchi nyingi. Ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo inapaswa kusikiliza kwa angalau sekunde 60. Ndiyo maana nyumba iliyo karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa hupoteza nodi zote kwa dakika moja, kisha zinarudi zenyewe. Chagua chaneli 36 hadi 48, au 149 hadi 161 panaporuhusiwa. Upana wa MHz 160 kwenye GHz 5 huingia kwenye chaneli za rada karibu kila mara, kwa hiyo punguza hadi 80. Kwenye GHz 2.4 baki na MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11.

Zima Wi-Fi ya kisanduku cha mtoa huduma ikiwa bado inarusha mawimbi kando ya ruta yako. NAT mbili (ruta mbili zinazofuatana, kila moja ikibadilisha anwani za mtandao), kwa upande wake, hulaumiwa bure: inasumbua michezo ya mtandaoni na kamera, lakini ni nadra iyumbishe kasi.

Simu inayong'ang'ania nodi ya mbali

Simu ndiyo inayoamua lini ihame. iPhone, kwa mfano, haianzi kutafuta nodi nyingine hadi mawimbi yashuke hadi -70 dBm. Ukihama chumba na kasi ikafa, zima Wi-Fi ya simu na uiwashe tena. Ikipanda ghafla, umepata jibu. Washa 802.11k na 802.11v, mipangilio ya ruta inayoisaidia simu kuchagua nodi ya kuhamia. 802.11r, inayoharakisha kuhama huko, iwashe mwisho, kwa kuwa vifaa vya zamani huweza kushindwa kuunganishwa. Nodi zilizosongamana huchochea tatizo hili, hivyo jaribu kuzima moja.

Kasi ikifa wakati mtu anapakia picha

Pima pingi wakati mtandao umetulia, kisha wakati wa kupakia faili kubwa. Ikitoka milisekunde 15 hadi mamia, foleni ya kupakia imejaa, na kupakua nako kutadorora. Washa SQM, mpangilio wa ruta unaosimamia foleni ya data, na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima kwa kebo. Kwenye laini za kasi kubwa, SQM na ukaguzi wa usalama huweza kuielemea ruta yenye prosesa dhaifu. Zima kimoja, pima, ndipo ugeuke kingine.

Nodi ile ile ikiendelea kusumbua baada ya yote haya, kagua adapta yake kwanza. Adapta ya volti 12 ampea 1 inaingia vizuri kwenye nodi inayohitaji ampea 2, na nodi hujizima na kuwaka kila mzigo unapozidi. Adapta ikiwa sahihi, badilishana nafasi na nodi nyingine ya aina hiyo hiyo. Tatizo likihama pamoja na nodi, kifaa ni kibovu, kidai chini ya dhamana. Likibaki chumbani, rudi kwenye dBm za mahali hapo.