Jinsi ya kumchunguza mumeo anayekoroma kabla hamjaenda kwa daktari

Mume wangu, Baba Hawa, ni dereva wa lori, na hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, mwanamume akikoroma watu husema kachoka tu. Kukoroma peke yake si neno. Cha kuogopa ni pale sauti inapokatika: kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama aliyeibuka majini. Madaktari huita hali hiyo sleep apnea, yaani pumzi kukatika usingizini.

Usimwamshe. Washa kinasa sauti cha simu, iweke karibu na mto. Kimya kikianza, tazama saa. Kikifika sekunde 10, kihesabu. Vikitokea mara 5 au zaidi kwa saa, si kawaida. Vikifika 30, hali ni mbaya. Hesabu ya kitandani si kipimo cha hospitali, ila inampa daktari pa kuanzia.

Na moyo unaingiaje kwenye habari ya kukoroma? Pumzi ikikatika, oksijeni hupungua kwenye damu, ubongo hushtuka, mishipa hubana, presha hupanda. Kwa kawaida presha hushuka mtu akilala, moyo ukapumua kidogo. Moyo wa anayekatika pumzi unashinda kazini na kukesha kazini. Miaka ikipita, msuli wake hunenepa, mapigo huenda ovyo, hata kiharusi kinaweza kumpata. Wako wanaomeza dawa za presha aina tatu na kipimo cha presha bado kinasoma juu ya 140/90, kumbe shida iko usingizini.

Asubuhi muulize kama kichwa kinauma, mdomo umekauka, na ameamka mara ngapi kukojoa. Habari ya kusinzia mchana usimwulize yeye, atakataa. Muulize tanboi, msaidizi wake wa lori. Wa kwetu aliniambia huku anacheka kwamba kwenye foleni ya mpakani bosi husinzia mkono uko kwenye gia. Mimi sikucheka. Azima pia futi ya fundi cherehani, umpime shingo: ikizidi sentimita 40, andika.

Nenda naye kituo cha afya, msikilizishe daktari ile sauti, apimwe presha. Mapigo yakionekana kwenda ovyo, ulizia rufaa ya Taasisi ya Moyo, Mulago, Kampala. Tiba kubwa ni mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa usiku, na bei yake si ya mchezo. Wakati mnajipanga, alale ubavu. Mshonee mfuko mgongoni mwa fulana, utie mpira wa tenisi. Apunguze uzito. Waragi, ile pombe kali, ya jioni na vidonge vya usingizi aache, maana hulegeza koo zaidi. Dawa za presha aendelee nazo.