Kubadilisha Runinga Iliyoharibika Ndani ya Boti Ndogo ya Safari

Runinga ikizimika ndani ya boti ya matanga ya mita tisa au kumi, mfano wa zile zinazotia nanga katika hori za Mtwapa na Kilifi, usikimbilie dukani kabla hujahakikisha kwamba runinga yenyewe ndiyo mbovu. Hewa ya chumvi huanza kula viungo vya waya kabla haijaufikia moyo wa kifaa. Chukua mita ya umeme, iwashe runinga kama bado inakubali kuwaka, kisha pima volti kwenye plagi inayoingia nyuma yake wakati huohuo inapovuta umeme, kwa sababu waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 kamili pasipo mzigo na kuporomoka mara tu mzigo unapowekwa. Angalia fyuzi, angalia kama plagi ina ukungu wa kijani, na kama kuna adapta ipime pia. Umeme ukifika sawasawa na skrini ikabaki nyeusi, hapo ndipo uanze kutafuta nyingine.

Wanunuzi wengi huanza na ukubwa wa skrini. Mimi ninashauri uigeuze runinga na usome kwanza kibandiko cha nyuma, maana ndicho kitakachoamua kama itadumu baharini. Runinga ndogo nyingi za nyumbani hutumia adapta ya nje inayotoa volti 12 au volti 19. Ile ya volti 12 humvutia mwenye boti, naye huona kwamba anaweza kuiunga moja kwa moja kwenye betri. Tatizo ni kwamba betri ya boti ya “volti 12” haikai kwenye 12: betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7, injini au sola inapoichaji hupanda hadi 14.4 na wakati mwingine zaidi, na injini inapopigwa stata umeme huanguka ghafla. Adapta ya nyumbani haitoi mabadiliko kama hayo, na runinga iliyoundwa kwa ajili yake haikuandaliwa kuyavumilia. Zipo zinazostahimili, lakini nisingeweka dau kwenye kifaa kipya.

Kwa hiyo una njia tatu. Iliyo bora ni runinga iliyotengenezwa kwa ajili ya boti au magari ya safari, ambayo kibandiko chake kinataja kiwango cha chini na cha juu cha volti badala ya namba moja. Ya pili ni kuweka kati ya betri na runinga kidhibiti cha volti chenye uwezo wa kupandisha na kushusha, kikatoa 12 au 19 thabiti kulingana na kibandiko. Kihakikishe kinabeba ampea zaidi ya zile runinga inazohitaji. Ya tatu, inveta inayotoa umeme wa volti 230, huniridhisha kidogo kuliko zote, kwa kuwa inakula umeme hata runinga ikiwa imezimwa, na inaingiza umeme wa hatari mahali penye unyevu.

Piga hesabu ya betri kabla ya kulipa. Runinga ya LED ya inchi 24 inayotumia wati 30 huvuta ampea 2.5 kwenye volti 12, hivyo saa tatu za jioni ni ampea-saa 7.5. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 isitumiwe kupita nusu yake, na katika hizo 50 friji, taa za nanga na redio pia zina haki yao.

Waya wa zamani usiuamini. Zima swichi kuu ya betri, kisha vuta waya mpya wa shaba iliyopakwa bati. Unene wake si jambo dogo: kama kutoka kwenye paneli hadi runinga ni mita sita, umeme husafiri mita 12 kwenda na kurudi, na kwa ampea 3 waya wa milimita 1 ya mraba hupoteza takribani volti 0.6, ilhali wa milimita 2.5 hupoteza robo ya volti tu. Weka fyuzi ya ampea 5 upande wa paneli, si upande wa runinga, ili waya wote uwe umelindwa. Kabla ya kuchomeka plagi ya duara, pima chanya iko katikati au pembeni, ulinganishe na mchoro wa kibandiko; ukigeuza pande, runinga mpya inaweza kuungua papo hapo.

Kuhusu kuifunga, runinga nyingi za ukubwa huu zina matundu manne nyuma, yenye nafasi ya milimita 75 au 100, yanayopokea skrubu za M4. Kagua upande wa pili wa kiambaza kabla ya kutoboa, tumia bolti za kupenya zenye bamba nyuma yake badala ya skrubu za mbao, na uchague chuma cha pua cha namba 316. Mkono unaokunjwa lazima uwe na kifungo, kwani boti ikilala upande kwenye mawimbi ya kusi, skrini inayoning'inia itapiga ukuta. Acha nafasi ya hewa nyuma.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitahadharisha kwamba baadhi ya taa za LED huvuruga redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, na AIS, mfumo unaotambulisha vyombo vingine vilipo. Runinga na vidhibiti vya volti vya bei rahisi vinaweza kufanya vivyo hivyo. Fungua chaneli 16 ya redio ya VHF, punguza kizuizi cha mvumo (squelch) hadi usikie mvumo, kisha washa na uzime runinga. Mvumo ukibadilika, sogeza kidhibiti au kibadilishe. Tazama dira pia, kwa sababu spika zina sumaku.

Kwa matangazo ya hewani, hakikisha runinga inapokea DVB-T2, mfumo unaotumika Kenya. Runinga iliyonunuliwa Marekani hutumia mfumo mwingine na haitapata chaneli hata moja pwani yetu, ingawa itaonyesha filamu kupitia HDMI. Dishi la kawaida halifai, kwani boti iliyo kwenye nanga huzunguka na upepo na mkondo.

Runinga ya zamani ipeleke nchi kavu. Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, kinakataza kutupa taka za namna hiyo baharini, na skrini za LCD za kabla ya LED zina mirija yenye zebaki, hivyo ifunge isivunjike njiani na umkabidhi mpokeaji wa taka za kielektroniki.