Biashara na ndugu au mshkaji wa karibu: kubalianeni haya kabla hamjaanza

Utaambiwa sana usifanye biashara na ndugu. Mi siungi mkono, kwasababu ndugu au rafiki uliyekua nae ana kitu ambacho mtu wa kuajiriwa hana, anaweza akavumilia miezi biashara haijalipa na asikimbie, na tabia zake unazijua tayari. Ila ukichunguza ugomvi wa hizi biashara, mara nyingi chanzo ni kilekile, hela ilitoka na kila mtu anaiita jina lake. Huyu anasema ule ulikua mshahara wangu, yule anasema hapana ulikopa, na mama anasema mbona mimi niliwapa tu. Kwahiyo kabla hata ya kutafuta jina la biashara kaeni chini mkubaliane kila hela inayoingia na kutoka inaitwaje.

Anzeni na mtaji. Anaetoa hela aulizwe wazi, bila aibu: huu ni mkopo, ni zawadi, au unanunua sehemu ya biashara? Mkopo unarudishwa hata kama faida hakuna, na aliyekopesha haji kupanga bei za bidhaa. Alienunua sehemu hadai kurudishiwa, faida ikija anakula na hasara ikija anaibeba. Andikeni siku hiyohiyo, hata kwenye karatasi ya daftari, wote msaini na kila mtu abaki na nakala, maana biashara ikishakua ile hela ndogo aliyowapa shangazi mwanzoni inaweza kugeuka nusu ya biashara na hamna cha kumuonyesha.

Alafu tenganisheni mshahara na faida, hapa ndo naomba usome taratibu. Chukulia wewe umeweka laki sita, mdogo wako kaweka laki nne na yeye ndo anashinda pale kazini kila siku. Mwezi ukiisha imebaki laki tatu baada ya matumizi yote. Mkigawana kwa mtaji tu, wewe unachukua laki na themanini hujafungua hata mlango, yeye anapata laki na ishirini kwa kazi ya mwezi mzima, na hata kama atanyamaza leo moyoni anaanza kuhesabu. Sasa fanyeni hivi, kwanza alipwe mshahara ambao mngemlipa mtu baki kwa kazi hiyohiyo, tuseme laki mbili, inayobaki laki moja ndo mgawane 60 kwa 40. Yeye anaondoka na laki mbili na arobaini, wewe na elfu sitini. Kama unaona elfu sitini ni ndogo basi ujue biashara bado haijakomaa, sio kwamba mdogo wako anakuibia. Na mwezi ambao hela haitoshi mshahara, kiasi kilichopungua kiandikwe kama deni la biashara kwake, kisipotee hewani.

Kuchota kwenye droo kukomeshwe kabisa. Mtu akichukua bidhaa au hela ya mafuta ya gari lake aandike, mwisho wa mwezi inakatwa kwenye mshahara wake. Matatizo ya ukoo yatakuja tu, ugonjwa, msiba, ada, na siwaambii muwe na roho ngumu. Kila mmoja asaidie kwa hela yake, au mkubaliane biashara inakopesha mpaka kiasi fulani na inarudishwa lini. Akaunti ya benki iwe ya biashara peke yake, wote wawili muione, na malipo makubwa yahitaji saini mbili.

Swala la nani anaamua. Ukubwa wa nyumbani usiingie kazini, kaka mkubwa anaweza kabisa kua chini ya mdogo wake kama mdogo ndo anaijua kazi. Gawaneni maeneo, mmoja manunuzi mwingine mauzo, na kwenye eneo lake mtu aamue bila kuomba ruhusa. Yale mazito kama kukopa, kuajiri ndugu au kufungua tawi yapite kwa wote. Mkiwa wawili nusu kwa nusu chagueni mapema mtu wa tatu mnaemheshimu atakaeamua mkikwama. Karl na Theo Albrecht, wale ndugu waliokua na maduka ya vyakula ya Aldi kule Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walishindwa kukubaliana kama maduka yao yauze sigara, wakagawana maduka, kaskazini kwa Theo na kusini kwa Karl, na pande zote mbili ziliendelea kukua. Kwahiyo kutengana sio lazima kuwe vita.

Jambo moja la sheria fupi tu: kwenye nchi nyingi mkifanya kazi kwa ubia bila kusajili kampuni, deni alilochukua mwenzako kwa ajili ya biashara linaweza kukufuata wewe mpaka kwenye mali yako binafsi. Muulizeni mwanasheria kabla ya kukopa.

Mwisho andikeni mtaachana vipi, wakati bado mnapendana. Mtu akitaka kutoka, au akifariki na sehemu yake ikaenda kwa mke, mume au watoto, thamani inapigwaje na inalipwa ndani ya muda gani? Kuna njia inayotumika sana kwa biashara ya watu wawili: anaetaka kuachana anataja bei, mwenzake anachagua kununua au kuuza kwa bei hiyohiyo, hivyo hakuna wa kutaja bei ya uonevu. Ila kama mmoja ana hela nyingi kuliko mwenzake atamkandamiza, anajua mwenzie hana uwezo wa kununua, basi hapo wekeni kabisa kwamba anaenunua anaruhusiwa kulipa kidogokidogo kwa mwaka mmoja au miwili.