Mtoto Anaposusa Daftari

Mwanangu wa kati ana namna yake ya kususa. Halii wala hapigi kelele. Anaitafuna penseli kichwani, kisha analifunika daftari kwa kiganja kama anayeficha kidonda. Ukimwambia "soma", anakujibu "nishasoma". Zamani nikiona hivyo nilikuwa namjia juu. Mwaka 2020, skuli zilipofungwa kuanzia Machi kwa ajili ya korona na sote tukawa ndani kutwa kucha hapa Wete, Pemba, siku moja nilimchapa kwa hesabu ya kugawa. Hakuijua ile hesabu kabla ya kuchapwa, na hakuijua baada ya kuchapwa. Alichojifunza ni kuutazama mkono wangu kila nilipokaa karibu naye. Kumtoa woga ule kulinichukua miezi, na haya ninayoyaeleza ndiyo yaliyonisaidia.

Kabla ya daftari, mtazame mtoto mwenyewe. Wetu huku wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanasali, wanakwenda skuli, wanarudi, alasiri wanaingia chuoni kusoma Kurani, magharibi ndiyo wanaonekana nyumbani. Mwenye skuli ya mchana naye ana mzunguko wake. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji usingizi wa muda wa saa 9 mpaka 12 kwa siku. Basi piga hesabu: anayeamka saa kumi na moja, hata hizo 9 hazipati asipokuwa amelala saa mbili usiku. Mimi nilikuwa nawakalisha kusoma baada ya Isha, halafu nashangaa mbona wakorofi. Hawakuwa wakorofi, walikuwa hoi. Siku hizi tunasoma mchana, wakishakula na kucheza kidogo, kabla ya chuo. Dakika ishirini, wanainuka, mmoja anachota maji, mwengine anafagia kibaraza, kisha ishirini nyengine. Na siku ambayo chakula kimechelewa, kipande cha boflo na chai kinatangulia kitabu.

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote: mpe mtoto jina la kilichomo moyoni mwake. Mtoto anasema "sitaki", lakini chini ya "sitaki" kuna mambo mengi. Pengine kachoka. Pengine ana hofu. Pengine ana kinyongo na neno ulilomwambia asubuhi ukalisahau. Pengine ana wivu, maana mdogo wake kasifiwa mbele yake. Lugha yetu ina majina ya hayo yote, ila tunawapa watoto moja tu, "hasira", kisha tunawagombeza kwa kuwa nayo. Mimi nauliza kwa kubahatisha, kwa sauti ya chini: "Naona kama una kinyongo. Au ni hofu?" Kisha nanyamaza, naendelea na kazi yangu. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Siku moja huyu wa kati alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani hatajibu, akasema, "Si hasira, mama. Naona haya." Kumbe alisimamishwa ubaoni, akakosea, wenzake wakamcheka. Nilikuwa tayari kumpa nasaha ya uvivu! Mwenye haya hahitaji nasaha, anahitaji macho yapungue. Nikawatoa ndugu zake nje, tukabaki wawili. Mwenye hofu unaifanya naye hesabu ya kwanza, ya pili anajaribu peke yake. Mwenye kinyongo msikilize, na kama ulimkosea, kubali.

Akishalipuka, ametupa kitabu, analia kwa kwikwi, usimfundishe kitu. Wakati huo neno haliingii. Ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomsaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Unamtaka mtoto wa miaka minane awe na breki ambazo kijana wa chuo kikuu bado anazijenga. Sisi tunafanya "kupuliza uji". Anakaa, anakinga viganja viwili kama kikombe, anavuta pumzi kwa pua, halafu anapuliza polepole kama anayepoza uji wa moto, asiumwage. Mara tano, mara sita. Mimi nakaa mbele yake na viganja vyangu, napuliza pamoja naye, kwa sababu na mimi moyo unanidunda. Pumzi ndefu ya kutoa hushusha mapigo ya moyo. Kitinda mimba wangu anapenda kuuliza, "Umepoa?" Nikimwambia bado, anapuliza tena kwa ajili yangu. Ila wafundisheni siku wakiwa na furaha. Ukiusubiri msiba ndipo uanze somo, umechelewa.

Kuhusu kusifu, "hodari" peke yake haitoshi. Mtoto anaambiwa hodari akila, hodari akivaa viatu, neno linachuja. Taja ulichokiona: "Umekosea ukafuta, ukaanza tena, penseli hukuitupa." Hapo anajua nini akirudie kesho. Na kingine, akuone nawe unakosea. Mimi nashona kofia, na wanaposoma nakaa nao mkekani na sindano yangu. Nikiruka kitobo, nasema kwa sauti: "Nimeharibu hapa. Nimechukia, maana ni kazi ya tangu jana. Nafumua." Nafumua wanaona, napuliza uji wangu, naendelea. Sijapata kuwafanyia mhadhara wa subira unaoushinda ule mstari mmoja wa uzi unaotoka kitambaani.

Kifungua mimba alipoingia darasa la tano, hesabu na sayansi zikageuka Kiingereza, na mtoto aliyekuwa mpole akawa anafunga milango kwa kishindo. Nilidhani ni ukubwa unamwingia. Siku nilipokaa naye nikagundua kugawa anakujua vizuri, asichokijua ni swali linasema nini. Basi tunaanza na Kiswahili: anisimulie swali kwa lugha ya nyumbani, tulitende kwa mikono, ndipo turudi kitabuni. Msimu wa karafuu ni raha zaidi, maana jioni watoto wako hapo kwenye jamvi wanachambua, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu kule. Karafuu 23, sahani nne: kila sahani tano, zinabaki tatu. Ameziona, amezishika. Kishindo cha milango kikapungua chenyewe.

Masharti ya mkekani yawe machache, nao wawepo mnapoyaweka. Yetu ni matatu: hatuchekani, hatunyang'anyani, anayetaka kupumzika anasema. Aliyemchania mwenzake karatasi anamwandikia nyengine. Kumnyima chakula au kumzuia kucheza siku nzima hakuhusiani na karatasi, na mtoto analijua hilo.

Ipo pia shughuli ya wakubwa. Bibi yao, mama mkwe wangu, alikuwa akimsikia mjukuu analia anapaza sauti kutoka jikoni, "Mwache mtoto wa watu!" au siku nyengine, "Mtie bakora huyo!" Sikubishana naye mbele ya watoto. Nilimwendea usiku, nikakaa chini, nikamwambia: "Mama, nakuomba radhi, nina ombi. Akilia tena nikimpulizisha uji, nawe njoo ukae nasi, usiseme kitu." Akacheka, akasema siku zake hakukuwa na mambo hayo. Lakini alikuja. Leo watoto wakigombana, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kukinga viganja.

Ukimwona mtoto amenyongea wiki baada ya wiki, hali, halali vizuri, hachezi hata na anaowapenda, hilo limevuka mkeka. Zungumza na mwalimu wake, mpeleke hospitali, na umuulize kwa upole kama yupo anayemuumiza.

Na ziko siku nitakazopayuka mimi. Wiki iliyopita ilikuwa hivyo: umeme umekatika, oda ya kofia imechelewa, watoto wawili wanagombania rula. Nilipopoa nilimwita wa kati nikamwambia, "Mwanangu, nimekupigia kelele na kosa si lako. Nilikuwa na wasiwasi wa kazi. Niwie radhi." Sikuongeza "lakini na wewe". Alinitazama, akaondoa kiganja juu ya daftari, akanionesha hesabu ya tatu.