Kupanga mishahara ya timu ndogo
Mimi ni mweka hazina wa timu ya soka ya mtaani hapa Arua, Uganda. Kabla hujamwahidi mchezaji hata shilingi, fungua daftari uandike fedha zilizokwisha kuingia mkononi: viingilio, michango ya wanachama, mfadhili aliyelipa. Ahadi usiiandike kabisa. Msimu mmoja tuliandika ahadi ya mfadhili, akapotea, na golikipa wetu akakaa miezi mitatu bila posho huku mkewe amejifungua. Mpaka leo naona aibu nikikutana naye sokoni.

Kisha weka kikomo. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, imezibana klabu zinazocheza mashindano yake: mishahara ya wachezaji na makocha, gharama za usajili na malipo ya mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato. Walianza na 90 mwaka 2023, wakashusha 80, ndipo 70. Kwetu nasema 50, maana nauli ya kwenda Kampala inakula sana. Ukiingiza milioni 4 kwa mwezi, mishahara iishie milioni 2.

Bonasi za ushindi zihesabu humo humo, wengi huzisahau. Kila mchezaji atie sahihi kwa alichopokea, mbele ya nahodha.